Nyumba Anamolala Mtoa Kibali

Ua wetu wa michongoma ulikatwa siku ya Jumamosi, na ulipokwisha kukatwa ndipo ulipoanza kututesa. Uliposimama kuuzunguka uwanja ulikuwa ua tu, wa miaka kumi na mitano, wenye adabu zake. Ulipolazwa katikati ya uwanja ukawa kilima. Ulinipita kimo, ukampita baba, na ukawaacha watoto kumi na tisa wa chekechea ya mama wamebanana barazani kama mikate sandukuni.

Aliyeamuru ukatwe ni Bwana Afya. Mtoto mmoja alichomwa mwiba juu kidogo ya jicho, Bwana Afya akaja na daftari lake akasema shule ya watoto haiwezi kuzungushiwa sindano. Mama akakata. Jumatatu Bwana Afya akarudi, akausifu sana uwanja usio na ua, kisha akaliona lundo.

"Hili, Mwalimu, ni hatari kuliko ule ua," alisema. Kila mtu humwita mama Mwalimu, hata baba wakiwa mbele za watu.

"Si wewe uliyesema nikate?"

"Nilisema ukate. Sikusema uweke." Akaandika kitu kirefu. "Jumatatu ijayo, saa tatu asubuhi, nitapita. Nikilikuta hapa nafunga shule kwa kufuli langu, na ufunguo naondoka nao."

Mama alimsindikiza mpaka barabarani kwa heshima zote. Aliporudi alikaa kwenye kiti kimoja cha watoto, magoti yakamfikia kidevuni, akabaki hivyo hata wale watoto wakanyamaza. Shule ile aliianza na wanafunzi watatu na ubao wa kuazima. Hana kazi nyingine, na akiwa hana watoto wa kuwafundisha huanza kutufundisha sisi.

Mimi nilikuwa nyumbani kwa mapumziko ya wiki tatu niliyopewa na mkuu wa shule yetu ya bweni, baada ya kengele ya kuamshia wanafunzi kupatikana ndani ya pipa la unga. Sitaki kuingia kwa undani. Ninalitaja jambo hilo ili ieleweke kwa nini nilikuwa na nafasi ya kushiriki kikamilifu katika mambo yaliyofuata.

Siku hiyo hiyo tulijaribu kila njia. Mwenye mkokoteni alikuja, akalizunguka lundo, akachomoa mwiba mmoja, akaulinganisha na kidole chake, kisha akageuka kuyatazama matairi yake kama mzazi anavyowatazama wanawe.

"Mama, haya ndiyo yanayonilisha," alisema, na akaondoka bila hata kutaja bei.

Lori la taka linachukua vilivyo ndani ya magunia tu. Tulijaza gunia la kwanza. Lilipojaa lilikuwa limegeuka wavu, na viganja vya mama vilikuwa vinatoka damu mahali saba. Nilipahesabu wakati nikimpaka dawa. Ikabaki njia moja, moto.

Na hapo ndipo inabidi nimtambulishe baba yangu. Baba ni karani wa vibali katika kituo cha zimamoto. Katika mji wetu mtu haruhusiwi kuchoma hata majani ya uwanjani kwake bila kibali, tangu kiangazi cha mwaka juzi, mzee mmoja alipowasha lundo dogo la majani makavu akaishia kumchomea jirani choo, jirani akiwa ndani. Tangu hapo kuna kitabu cha kanuni. Lundo lisizidi kiuno cha mtu mzima. Moto uwe hatua kumi na tano kutoka kwenye jengo lolote. Uwashwe kati ya saa kumi na mbili na saa tatu asubuhi, kabla upepo haujaamka. Pawe na pipa la maji, na mwenye nyumba asiondoke mpaka majivu yapoe. Baba anazijua zote kwa moyo, na anazipenda.

Jioni ile mama hakugusa chakula. Alimtazama baba tu.

"Baba Wakili," alisema. Wakili ni mimi. Ni jina la utani nililopewa kwa sababu ya kubishana. "Kesho niletee kibali."

Baba aliweka kijiko chini, akaleta kitabu, akafungua kanuni ya kumi na moja na kuisoma taratibu kama anayesoma risala ya msiba. "Mtoa kibali hatatoa kibali kwa nyumba anamolala."

"Mkuu wa kituo je?"

"Yuko masomoni. Wiki mbili."

"Hakuna mwingine mwenye muhuri?"

"Ni mimi na yeye."

"Basi gonga wewe."

"Mama Wakili, nikigonga kwa nyumba yangu, huyo atakayekuja kesho yake nitamwambia nini?"

"Mwambie mkeo alikuwa anafungiwa shule."

"Kila anayekuja ana mke," alisema baba.

Kimya kilichofuata kilikuwa kizito, na mimi siwezi kuona kimya kizito nikakiacha salama. Nikajikohoza. Nikatumia sauti ile ninayoitumia bwenini kusomea matangazo ya uongo. "Waheshimiwa wazazi, kanuni inasema nyumba anamolala. Haisemi anayomiliki, wala anamokula. Mtoa kibali akilala kwingine, tatizo limekwisha."

Ulikuwa utani. Naapa. Lakini baba hakucheka. Aliisoma tena ile kanuni huku kidole kikifuata mstari, akafika mwisho, akarudi mwanzo.

"Usiku mmoja hautoshi," alisema hatimaye. "Usiku mmoja ni safari. Tatu, hayo ni makazi. Kesho Jumanne nahamia kwa mdogo wangu. Ijumaa nagonga muhuri. Jumamosi asubuhi unachoma."

Mama alimtazama muda mrefu sana. "Yaani kwako ni rahisi kuhama nyumba kuliko kugonga muhuri."

"Si rahisi. Ila ni sahihi."

"Haya," alisema mama, akaanza kukusanya vyombo ambavyo hatujamaliza kulia.

Baba mdogo anauza magodoro kando ya barabara. Nyuma ya duka ana chumba kimoja anachoishi na mkewe na watoto wanne, kwa hiyo nafasi pekee ya kumlaza kaka yake ilikuwa dukani, juu ya bidhaa, sharti asitoe nailoni. Na baba mdogo hufungua milango ya duka, ile mikubwa ya mabati, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, wakati mtaa mzima unapita kwenda kazini. Jumatano mtaa mzima ulimwona karani wa vibali ameketi juu ya godoro la futi nne kwa sita, amevaa fulana ya ndani, akitafuta kiatu. Wengine walimsalimia. Yeye aliwajibu kila mmoja, maana ni mtu wa adabu.

Saa sita Mama Pacha alikuja kuwachukua mapacha wake. Huyu ndiye gazeti letu, ila yeye hatoki mara moja kwa siku.

"Pole, Mwalimu," alisema.

"Pole ya nini?"

"Ya mambo."

"Mambo gani?"

"Haya haya ya dunia." Akamshika mama mkono. "Shoga yangu, mimi nimeolewa miaka kumi na minane. Mwanamume akishafikia kulala kwenye nailoni, hiyo si hasira ya siku moja."

"Amehama kwa sababu ya kibali," mama alisema. "Nataka kuchoma hii miiba. Kanuni hairuhusu aniandikie kibali akiwa analala hapa."

Mama Pacha alilitazama lundo, akamtazama mama, akambana mkono zaidi. "Kila mmoja ana namna yake ya kulisema," alimwambia kwa upole.

Alhamisi mapacha hawakuja. Wengine watano pia hawakuja. Ng'ambo ya barabara kuna chekechea nyingine yenye bembea mbili, na hesabu ya wazazi ilikuwa rahisi. Nyumba ni ya baba, aliachiwa na baba yake. Mume akiondoka atairudia nyumba yake, mwalimu atatolewa, na shule itakufa katikati ya muhula. Tena mwanamke aliyeachwa, walisema, hasira zake atazimalizia kwa watoto wa watu. Mama yangu, ambaye humwomba radhi mtoto anapomfuta kamasi kwa nguvu.

Siku hiyo alifundisha watoto kumi na wawili kwa sauti ile ile ya kufundishia kumi na tisa. Walipoondoka nilimkuta amesimama mbele ya lundo ana kiberiti mkononi. Kilikuwa wazi.

"Mama."

"Nenda ndani."

"Mama, saa nane hii. Upepo uko juu. Na ukiwasha bila kibali, unachoma kazi ya baba."

"Yangu inachomwa na nani?" aliuliza. Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kama mtu anayetaka kuambiwa. Nilinyoosha mkono tu, akanipa kiberiti, akaenda kuosha ubao uliokwisha kuoshwa.

Saa kumi jioni nilikimbia mpaka dukani. Baba alikuwa amerudi kutoka kazini, ameketi kati ya magodoro na shingo imekakamaa upande mmoja.

"Baba, rudi nyumbani. Watoto wanaondoka. Wanadhani umemwacha mama."

"Nani anadhani?"

"Wote. Hata muuza mkaa."

Alifumba macho. Nailoni ikalia chini yake. "Nikirudi leo, usiku huu wa tatu unakufa. Ijumaa sina kibali cha kutoa. Jumatatu kufuli." Alijisugua shingo. "Mama yako anakula?"

"Hapana."

"Na viganja?"

"Vimevimba."

Akaitikia kwa kichwa, mara moja, kwa sababu mara ya pili shingo ilikataa. "Kesho," alisema. "Mwambie aje mapema, foleni huwa ndefu."

Ijumaa foleni ilifika mlangoni. Nilikwenda na mama. Mbele yetu alikuwa fundi seremala anayeomba kibali cha kuchoma maranda yake, na mwanawe mdogo ni mmoja wa tisa waliokuwa wamebaki, maana watatu zaidi walikuwa wamehamishwa. Alipomaliza hakuondoka; alikaa kwenye benchi kukunja karatasi yake, na akaikunja taratibu mno. Nyuma yetu walikuwa watu wanane.

Baba alimtazama mama kupitia dirisha la kaunta. Alikuwa amenyoa. Alijikata mahali pawili.

"Habari ya asubuhi, Mwalimu."

"Nzuri."

"Kinachochomwa?"

"Michongoma."

"Imekauka?"

"Imekauka."

"Maji yapo?"

"Pipa moja na ndoo tatu."

Baba aliandika. Kisha kalamu ikasimama, na nikaona masikio yake yanabadilika rangi. Katika fomu ile kuna swali ambalo halijawahi kumsumbua mtu yeyote, na sheria inataka lisomwe kwa sauti na lijibiwe kwa sauti. Angeweza kulinong'ona. Baba yangu hajawahi kunong'ona kitu cha serikali.

"Mtoa kibali analala katika nyumba hii?"

Kwenye benchi karatasi ya seremala ilinyamaza. Mama alishika ukingo wa kaunta kwa viganja vyake vilivyovimba.

"Hapana," alisema. "Analala kwingine."

Muhuri uligongwa. Sijawahi kusikia muhuri unaogongwa kwa sauti kama ile.

Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi tulikuwa tayari. Tulikuwa tumeligawa lile lundo mafungu sita ya kimo cha kiuno kwa kutumia reki na miti mirefu, na nilikuwa na michubuko kuanzia vidoleni hadi kwapani. Baba alikuja amevaa sare kamili. Hakuingia uwanjani. Alisimama barabarani akiwa na ubao wake wa kuandikia, akapima upepo kwa kidole kilicholowa, akaruhusu. Mama aliwasha.

Michongoma iliyokauka haiungui, inalipuka. Kila mwiba ulitoa mlio wake, kama watu wengi wanaovunja vijiti bila kusema neno. Moshi ulipanda wima. Fungu moja moja, mpaka la sita, na hakuna cheche hata moja iliyovuka hatua kumi na tano. Ulikuwa moto wa mfano. Kama kungekuwa na mashindano ya kuchoma takataka tungerudi na kikombe. Mama alisimama katikati ya joto lile na ndoo yake, machozi yakimtoka, na moshi haukuwa upande wake.

Saa mbili na nusu baba aliita kutoka barabarani. "Mwalimu, umemaliza vizuri."

"Sasa utaingia?"

"Majivu hayajapoa. Kibali bado kinaishi. Nikiingia sasa..."

"Basi simama huko," alisema mama.

Akasimama. Saa nne na nusu mama aliingiza mkono kwenye fungu la mwisho, akautoa, akamwonyesha. Baba aliandika saa, akavuka mpaka ule ambao zamani ulikuwa ua, akaingia ndani, na akalala mpaka jioni bila kuvua soksi.

Nilidhani yamekwisha. Mume amerudi, mtaa umemwona akirudi, Jumatatu watoto watajaa. Jumapili mama alifagia uwanja mara tatu na kuchora mistari ya kuchezea kwa chokaa.

Jumatatu walikuja wanne.

Bwana Afya alifika saa tatu kamili, akatembea uwanja mzima mikono nyuma, akainama, akaokota kokoto, akairudisha. "Hivi ndivyo ninavyotaka," alisema akitia saini. "Nimekupa ruhusa ya watoto hadi thelathini." Ndipo akatazama barazani. "Wengine wako mapumziko?"

"Ndiyo," alisema mama.

Wale wanne walipochukuliwa saa sita, mama alivua aproni, akavaa viatu vya kutokea, akanituma nikamwite baba kazini. Baba aliomba ruhusa ya mchana mmoja, ambayo hajawahi kuiomba hata alipougua malaria. Watoto waliopotea walikuwa kumi na watano, kwenye milango kumi na minne. Tulianza na mlango wa Mama Pacha, mapacha wakituchungulia kutoka nyuma ya sketi yake.

"Nimekuja na mume wangu," alisema mama. "Hakuniacha. Muulize mwenyewe."

Baba alieleza. Alieleza vizuri, kwa mpangilio, akaanza na kanuni ya kumi na moja. Nilipomsikiliza nikiwa nimesimama pale kwenye jua, kila neno likiwa la kweli tupu, nilitambua kwamba hata mimi nisingeliamini. Mimi niliyewahi kuliaminisha bweni zima kwamba Jumatano kuoga ni marufuku.

Mama Pacha alisikiliza mpaka mwisho. "Shemeji, mimi nimefurahi umerudi. Kwa moyo mmoja. Ila usinifanye mtoto. Mtu ahame kwake kwa sababu ya miiba?"

"Ndiyo," alisema baba.

"Haya." Akamgeukia mama. "Nimemsikia. Akimaliza mwaka bila kuhama tena, tutaongea."

Nikaona ni zamu yangu. "Mama Pacha, wazo lilikuwa langu."

"Nyamaza," alisema mama, bila kunitazama.

Seremala tulimkuta kwenye karakana yake. Hakuzima randa mpaka baba alipofika katikati ya maelezo.

"Bwana Karani, nilikuwepo," alisema. "Nilisikia kwa masikio yangu. Ulimuuliza mkeo mbele za watu, naye akajibu mbele za watu."

"Ilikuwa ni fomu. Swali lazima liulizwe."

"Najua ni fomu. Hata mimi uliniuliza." Akapuliza vumbi la mbao kwenye kidole. "Tuseme ni kweli. Tuseme ulifanya yote hayo ili usivunje kanuni. Sasa Mwalimu akikwama kesho kwa jambo lingine, utamfanya nini? Mimi mtoto wangu namtaka mahali ambapo mtu akiomba msaada anapewa."

Tulitoka.

Mlango wa tatu ulikuwa nyumba ya fundi cherehani mwenye binti anayependa kukaa mbele. Baba alikuwa ameshatoa kitabu cha kanuni mfukoni na kuweka kidole kwenye ukurasa. Mama alimshika mkono.

"Usieleze tena, Baba Wakili. Kila ukieleza ninazidi kuachwa."

"Ni ukweli, Mama Wakili."

"Najua ni ukweli. Ndio maana nimechoka." Akajifuta uso kwa ncha ya kitambaa cha kichwa. "Kaeni hapa barabarani, nyote wawili."

Akaingia peke yake. Ukuta ulikuwa wa mabati, tulisikia kila kitu. Mama hakutaja kibali. Hakumtaja baba. Alisema binti yao amefika herufi ya kumi na nne na ameanza kuandika jina lake bila kusaidiwa. Alisema wamlete siku moja tu, kesho, wakiona hafurahi wasimrudishe. Yule mama wa ndani alisema kitu kidogo kidogo. Mama akasema, "Nakuomba." Akasubiri. Akasema tena, "Nakuomba, dada."

Baba alikuwa anatazama chini. Mimi ninamjua mama yangu kwa miaka kumi na sita, na neno lile sikuwahi kulisikia mdomoni mwake isipokuwa anapomfundisha mtoto kulisema. Baba alivua kofia ya kazi, ingawa hakukuwa na mtu wa kumwona, akaishika kwa mikono miwili.

Mama alitoka baada ya dakika kumi.

"Amesema atafikiria," alisema.

"Hilo ni zuri," alisema baba.

"Sijui kama ni zuri." Akatazama barabara, iliyokuwa ndefu na nyeupe kwa jua, na milango kumi na mmoja bado. "Hapo kwenye geti la bluu, ni nani anaishi? Mkwe au mama mkwe ndiye anayeamua?"

"Mama mkwe," nilisema.

"Haya," alisema mama, na akatangulia.